Kuhama petroli kwenda umeme: maswali ya wasafiri wa Mombasa

Ukiegesha gari la umeme mbele ya duka Mtwapa au karibu na soko la Kongowea, huondoki bila kuulizwa. Maswali ni yale yale. Hapa nimekusanya yanayohusu safari za mbali peke yake, kwa sababu kuzunguka mjini hakuna ubishi: kutoka Bamburi hadi Kilindini na kurudi, gari lolote la umeme lililo zima linatosha na kubaki.

Jambo moja la hesabu kwanza. Kilowati-saa ndiyo ile ile uniti unayonunua kwa tokeni. Betri ya kilowati-saa 40 ni tangi la uniti 40. Humu kote nitasema uniti.

Haya, Nairobi linafika?

Linafika, ila si kila gari, na si kwa mwendo wa basi la usiku. Barabara ya A8 kutoka kisiwani hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na sehemu kubwa ni kupanda. Ukiwa na petroli huuhisi mlima huo kwa sababu umelala. Mazeras unaona kabisa kwamba unapanda, ukishapita Mariakani unadhani umefika tambarare, kumbe bado. Voi, kilomita 150 hivi kutoka Mombasa, iko karibu mita 600 juu ya bahari. Makindu ni kama mita 1,000. Nairobi imepita 1,600. Kuinua gari la kilo 1,800, watu na mizigo ndani, kutoka ufuoni hadi huko juu kunameza uniti 8 au 9, na hapo hujahesabu upepo wala msuguano wa magurudumu.

Tupige hesabu na gari ambalo wengi wetu ndilo tunalolimudu, Nissan Leaf ya uniti 40. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, weka uniti 18 kwa kila kilomita 100. Hadi Voi ni 27, ongeza 3 za kupanda, jumla 30. Betri mpya itakufikisha Voi na akiba ya uniti saba nane. Lakini Leaf zinazoshuka bandarini kwetu si mpya. Betri iliyobakiwa na asilimia 80 ya uwezo wake ina uniti 30 za kutumia, basi unaingia Voi mkavu, au huingii kabisa, unaishia Maungu ukiwatazama wauza machungwa.

Gari la uniti 60, kama BYD Atto 3, hadithi yake ni nyingine. Linafika Voi likiwa na nusu ya betri, na Mtito Andei likiwa na moja ya tano. Hilo ni gari la Nairobi, mradi usimame mara mbili kuchaji na ujue mapema utasimama wapi.

Mimi naweka mpaka hapo. Betri ya chini ya uniti 60, Nairobi si safari yake. Liache gari kivulini Miritini, upande treni ya Madaraka Express kama watu wanavyofanya tangu 2017. Hakuna aibu.

Na kurudi je?

Kurudi ni raha. Barabara inashuka, na ukiachia pedeli injini ya umeme hugeuka jenereta na kurudisha uniti ndani ya betri. Hazirudi zote, lakini tofauti ya kwenda na kurudi kwa gari lile lile hupita uniti 10. Wengi huchaji mara moja tu njiani wanaporudi pwani. Ukishuka kutoka Mariakani kuelekea Mazeras nyuma ya malori ya kontena, utaona asilimia zimesimama, wakati mwingine zimepanda moja.

Safari zipi basi zinafaa kwa gari dogo la umeme?

Za pwani yenyewe. Watu wanaumiza kichwa na Nairobi ambako huenda wanakwenda kwa gari mara mbili kwa mwaka, na safari wanazofanya kila mwezi ziko kando ya bahari. Kilifi ni kilomita 60. Malindi ni 120. Diani haifiki 40. Lunga Lunga mpakani ni kama 100. Njia hizi ni tambarare, mwendo unakatwakatwa na matuta na matatu, na mwendo wa polepole ndio gari la umeme linapenda.

Malindi kwenda na kurudi ni kilomita 240. Leaf ya uniti 40 yenye betri nzuri inaweza kuimaliza bila kuchaji ukiendesha kwa adabu, lakini mbona ujitese? Ukifika Watamu au Malindi utalala, au utakaa mchana kutwa. Omba soketi mahali unapofikia. Hoteli nyingi na nyumba za wageni zina soketi ya nje karibu na jenereta au pampu ya bwawa. Uliza kabla ya kulipia chumba, si baada ya kufika usiku, na toa pesa ya uniti bila kungoja kudaiwa. Uniti 20 kwa bei ya nyumbani ni kama shilingi 600. Mwenye nyumba aliyelipwa vizuri mara ya kwanza hukuwekea nafasi mara ya pili.

Zile kilomita wanazotangaza ni za kweli?

Ni za kweli maabara. Kipimo cha Ulaya kinachoitwa WLTP huendeshwa kwa wastani wa kilomita 46 hivi kwa saa, katika chumba chenye baridi ya wastani. Atto 3 imepewa kilomita 420 kwa kipimo hicho. Kwa barabara ya Nairobi toa robo, na ukiwa na haraka toa theluthi.

Kinachokula ni kasi. Upinzani wa upepo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo kutoka 90 hadi 120 kwa saa unausukuma upepo kwa nguvu karibu mara 1.8. Mwenye petroli hulipa hiyo bila kujua kwa sababu injini yake tayari inapoteza sehemu kubwa ya mafuta kama joto. Mwenye umeme anaiona ikishuka kwenye kioo, asilimia baada ya asilimia. Shuka hadi 85 utaokoa zaidi kuliko kuzima kiyoyozi. Nasisitiza hili kwa sababu kila mtu huanza kwa kuzima kiyoyozi, anaoga jasho hadi Taru, halafu anakanyaga 120. Kiyoyozi kikishatulia hula kama uniti moja kwa saa, au moja na nusu jua likiwa la Februari.

Na usiiamini namba ya kilomita kwenye dashibodi asubuhi ya safari. Gari limeikadiria kwa mwendo wako wa juzi mjini. Tazama asilimia, na uzilinganishe na kilomita zilizobaki mbele yako.

Vituo vya kuchaji njiani vipo?

Vipo vichache, na orodha inabadilika haraka kuliko mtu anavyoweza kuiandika. Tumia programu ya PlugShare, ambamo madereva wenyewe huandika kama mashine ilifanya kazi walipopita. Soma maoni ya wiki chache zilizopita, usiitazame alama kwenye ramani peke yake. Kisha piga simu kituoni. Swali la kuuliza si «mna chaja?» bali «kuna gari limechaji hapo leo au jana, na kwa plagi gani?»

Plagi ndiyo inayowaangusha wengi. Magari ya Japani kama Leaf hutumia CHAdeMO kwa chaji ya kasi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya na yale ya maduka rasmi hapa kwa kawaida huwa na CCS2. Magari yaliyoingizwa moja kwa moja kutoka China huja na GB/T, ambayo haiingii kwenye hizo mbili. Unaweza kusimama mbele ya mashine nzima yenye stima na usipate hata uniti moja. Adapta zipo, lakini za chaji ya kasi ni ghali na si zote za kuaminika. Ukinunua gari, fungua kifuniko cha chaji kabla ya kufungua boneti.

Mpango wa akiba uwe soketi ya kawaida. Pini tatu za mraba ziko kila mahali kutoka Mariakani hadi Athi River. Ni polepole mno, lakini usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni Voi au Mtito Andei unakutoa.

Kuchaji kunachukua muda gani?

Inategemea umechomeka wapi.

Soketi ya nyumbani: kebo nyingi za kubeba huvuta ampia 10, sawa na uniti 2.4 kwa saa. Saa 12 za usiku zinakupa karibu uniti 28.

Chaja ya ukutani ya ampia 32: uniti 7 kwa saa, betri ya 40 inajaa usiku mmoja na muda unabaki.

Mashine ya kasi ya kilowati 50: Leaf ya 40 kutoka asilimia 20 hadi 80 ni kama dakika 40.

Baada ya 80 mwendo unapungua sana, kama basi linalojaza siti za mwisho stendi: nusu ya muda inaishia kwa abiria watatu. Ukiwa safarini ng'oa plagi ifikapo 80, uondoke, isipokuwa kituo kinachofuata kiko mbali. Na muda huo wa kuchaji haupotei bure ukiupanga na chakula na swala. Waliozoea njia hii tayari wanasimama Makindu kwenye hekalu la Masingasinga, ambako msafiri yeyote hula bila malipo. Hapo hakuna anayelalamika kwamba amepoteza dakika 40.

Kwa Leaf kuna tahadhari ya ziada. Betri yake haina mfumo wa kupoza kwa maji. Ukitoka kukimbia barabarani kwenye jua na kuchaji kwa kasi, inapata joto, na ukichaji kwa kasi mara ya pili siku hiyo hiyo gari lenyewe hupunguza mwendo wa kuchaji, mara nyingine hadi nusu au chini. Hiyo ni sababu nyingine ya kuiondoa Leaf kwenye njia ya Nairobi.

Naishi flatini. Nitachaji wapi?

Hili linastahili kujibiwa kabla hujatoa hata shilingi ya gari. Asiye na pahali pa kuchaji usiku asinunue gari la umeme kwa sasa, hata akipewa kwa bei ya kutupa. Kutegemea mashine za mjini kwa kila uniti kunageuza faida yote kuwa usumbufu.

Ukiwa na nafasi yako ya kuegesha, zungumza na mwenye nyumba. Hofu yake kubwa ni mita ya pamoja, ile ya pampu ya maji na taa za ngazi. Mwambie utaweka laini yako kutoka mita yako mwenyewe, au mita ndogo pembeni inayosoma uniti zako pekee, na gharama ya fundi ni yako. Wengi hukubali wakishaona kwamba hawatalipia.

Kisha mwite fundi wa stima mwenye leseni, si jirani anayejua kubadilisha balbu. Gari huvuta ampia 10 mfululizo usiku kucha, kazi ambayo birika au pasi haiifanyi. Soketi iliyolegea itachemka na kuyeyuka. Ekstensheni ya sebuleni iliyopitishwa dirishani ndiyo njia fupi ya kuleta moto. Taka waya mnene, swichi yake ya kujikata, na waya wa ardhi unaofanya kazi kweli. Nyumba nyingi za zamani kisiwani hazina waya wa ardhi wa kuaminika, na magari mengi hukataa kuchaji bila huo.

Leaf kutoka Japani huja na kebo ya plagi ya Kijapani. Usiikate na kufunga plagi yetu kabla ya kusoma kibandiko cha volti. Kilichoandikwa volti 100 peke yake kitaungua kwa 240 zetu.

Pesa ninazookoa ni ngapi hasa?

Bei za petroli hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati, tarehe 14 ya kila mwezi, na Mombasa kwa kawaida huwa chini kidogo ya Nairobi kwa sababu mafuta yanashukia kwetu. Tukadirie shilingi 180 kwa lita na gari la kilomita 14 kwa lita. Stima ya nyumbani, pamoja na kodi na tozo, tukadirie 30 kwa uniti.

Malindi kwenda na kurudi: lita 17, zaidi ya shilingi 3,000. Kwa umeme, pamoja na uniti zinazopotea wakati wa kuchaji, ni kama uniti 43, yaani takriban 1,300.

Nairobi kwenda: lita 34, kama shilingi 6,100. Kwa umeme ni uniti 105 hivi, ambazo kwa bei ya nyumbani ni 3,150. Lakini hutachaji zote nyumbani. Karibu nusu utainunua kwenye mashine za njiani, ambazo bei yake iko juu, kwa hiyo faida inasinyaa. Anayekwambia utaokoa utajiri kwa safari za Nairobi hajasafiri. Faida iko kwenye kilomita za kila siku unazochaji usiku kwako. Safari ndefu ukiiona inalingana na petroli, shukuru.

Kuna bei maalumu ya kuchaji magari iliyoidhinishwa 2023: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa za usiku ambapo matumizi ni machache, kabla ya tozo na kodi. Inahitaji mita yake na inawafaa zaidi wenye vituo na wenye magari mengi. Mwenye gari moja aende ofisi ya Kenya Power aulize kama inamfaa.

Ongeza pia kwamba kwenye kila lita ya petroli unalipa ushuru wa matengenezo ya barabara, shilingi 25 tangu Julai 2024. Mwenye umeme haulipi. Nadhani haitadumu hivyo milele, furahia sasa.

Ninanunua Leaf ya mtumba. Nikague nini?

Betri, kisha betri, kisha mengine. Rangi, viti na redio ni vitu vya kuangalia mwisho.

Leaf zilianza kuuzwa Desemba 2010 na betri ya uniti 24, ikafuata ya 30, kisha 40 mwishoni mwa 2017, na ya 62 mwaka 2019. Sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane imeshazifungia mlango zile za 24 na 30, lakini bado zinauzwa zilizoingia zamani. Kwa mjini sawa. Kwa safari ndefu hazifai, hata kama muuzaji anaapa.

Pembeni mwa kioo cha dashibodi kuna vijistari 12 vya uwezo wa betri, tofauti na vile vya chaji iliyomo. Kijistari cha kwanza hupotea betri ikiwa imeshapoteza takriban asilimia 15, kwa hiyo gari lenye 11 halijapoteza kidogo kama linavyoonekana. Usiishie hapo, kwa sababu vijistari vinaweza kurudishwa kwa ujanja wa kompyuta na kuonyesha 12 kwa siku kadhaa. Nunua kidude cha OBD cha bei nafuu, kile kinachochomekwa kusoma kompyuta ya gari, weka programu ya Leaf Spy kwenye simu, usome asilimia ya afya ya betri na tofauti ya volti kati ya seli. Seli moja iliyo chini sana ya wenzake ni ugonjwa. Muuzaji anayekataa kidude hicho amekwisha kukujibu.

Sisi wa Mombasa tuna bahati hapa. Gari linashuka Kilindini, linakaa yadi za forodha, na unaweza kulikagua kabla halijapakiwa kwenda bara. Ila magari haya hukaa yadini wiki nyingi juani na chaji kidogo. Omba lichajiwe hadi juu, kisha uliendeshe hadi Mtwapa na kurudi ukitazama asilimia zinavyoshuka. Kilomita 30 na ushee zikila robo ya betri ya uniti 40, lirudishe.

Kwenye hesabu ya ushuru, magari ya umeme kamili yamekuwa yakilipa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 badala ya 20. Bajeti hubadilisha mambo kila Juni, kwa hiyo mwambie wakala wako wa forodha akupe hesabu ya mwezi huu kwa maandishi.

Na Nissan Note e-Power? Si ni ya umeme?

Hapana. Magurudumu yanasukumwa na mota ya umeme, lakini stima yote inatoka kwa injini ya petroli iliyo ndani. Haina pahali pa kuchomeka. Ni gari zuri lisilokunywa sana, ila wauzaji wanaoliita gari la umeme wanacheza na maneno. Aqua na Prius za kawaida ni hivyo hivyo, haibridi bila plagi.

Outlander PHEV ina plagi. Huenda kama kilomita 40 kwa stima kisha petroli inashika. Kwa anayekwenda bara mara kwa mara na kuzunguka Nyali siku nyingine, hiyo ndiyo ningeitazama kwanza.

Joto letu haliharibu betri?

Linaizeesha haraka. Kinachodhuru zaidi ni joto na kujaa vikikutana: gari lenye asilimia 100 lililoachwa juani Mama Ngina kuanzia asubuhi hadi jioni. Kwa siku za kawaida chaji hadi 80, jaza hadi 100 usiku wa kuamkia safari tu, na uondoke mapema. Egesha chini ya mwembe. Utomvu na kinyesi cha kunguru huoshwa, uwezo wa betri ukipotea haurudi.

Betri za aina ya LFP, zilizomo kwenye BYD, huvumilia joto na kujazwa zaidi. Hizo mtengenezaji mwenyewe hupendekeza zijazwe hadi 100 mara kwa mara ili gari lisome kiwango sawasawa, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako kabla ya kufuata ushauri wa mwenye Leaf.

Mvua ya masika na maji ya chumvi?

Kuchaji mvuani ni salama, plagi haina stima hadi gari na mashine vikubaliane. Maji ya barabarani hayaingii betrini kirahisi, nayo haina tundu la kuvuta hewa kama injini ya petroli. Hata hivyo dimbwi usilolijua kina chake usiingie, gari ni gari.

Maji ya chumvi ndiyo ya kuogopa. Usiendeshe ufuoni maji yakijaa, na gari likifunikwa na maji ya bahari usilichaji tena hadi likaguliwe. Marekani baada ya vimbunga vya Florida yameshika moto magari yaliyolowa maji ya bahari, mengine siku kadhaa baadaye. Kwa hewa yetu ya chumvi, futa pini za kebo na uifunike, basi.

Feri ya Likoni?

Linapanda kama gari lingine. Kwenye foleni halichomi kitu ila kiyoyozi. Ukitaka kuikwepa, barabara ya Dongo Kundu iko.

Lamu na Tanga?

Mokowe, gati la kuvukia kwenda Lamu, ni zaidi ya kilomita 300, na ukishaiacha Malindi usitegemee mashine ya kasi hadi mwisho. Kwa gari la umeme leo, usiende. Tanga inawezekana kwa betri kubwa, Horohoro ukivuka utakuta soketi za pini tatu kama zetu. Panga kulala huko.

Si stima yenyewe inatoka kwa mashine za mafuta za Kipevu?

Kidogo tu. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Kipevu III, megawati 120, iko na hufanya kazi saa za matumizi makubwa hasa jioni. Ukichaji usiku wa manane unatumia mvuke kuliko mafuta.

Stima ikipotea?

Itapotea. Tarehe 25 Agosti 2023 ilipotea nchi nzima. Kwa hiyo usilale na asilimia 15 ukisema utachaji alfajiri. Chomeka unapofika, usiku wa kuamkia safari chomeka mapema zaidi. Pampu za petroli nazo hazivuti bila stima au jenereta, wenzetu hulisahau hilo.

Fundi wangu wa gereji ataliweza?

Breki, matairi, sasipensheni, ndiyo. Nyaya za rangi ya chungwa asiguse, ndani yake kuna volti zinazokaribia 400 na haziungurumi kumwonya mtu. Na wasipige maji ya presha chini ya boneti.

Kitu kinachowaangusha wengi ni kidogo: betri ndogo ya volti 12. Gari la umeme bado linayo, na ikifa gari haliamki hata kama betri kubwa imejaa. Ibadilishe kabla ya safari ndefu ikiwa na miaka mitatu minne. Beba pia waya za kubusti.

Niuze gari langu la petroli?

Usiache mbachao kwa msala upitao. Ikiwa nyumba ina magari mawili, badilisha moja, lile la kila siku, la petroli libaki la bara na la mazishi ya ghafla ya ushagoo. Ikiwa una moja tu na unakwenda bara kila mwezi, ngoja bei za betri za uniti 60 zishuke. Ikiwa una moja na bara unakwenda kwa treni ya SGR, uza.

Nikiishiwa katikati ya Tsavo?

Gari litakuonya kwa muda mrefu kabla: kwanza taa, kisha asilimia hugeuka vistari, mwisho picha ya kobe inatokea kwenye dashibodi na nguvu inakatwa. Ukimwona kobe una kilomita chache sana. Toka barabarani mahali palipo na watu, hata kama ni kibanda cha mkaa, kwa sababu kati ya Voi na Mtito Andei tembo huvuka usiku na malori hayapunguzi mwendo. Weka pembetatu zako za onyo mbali na gari.

Usikubali kuvutwa kwa kamba. Magurudumu yakizunguka yanaizungusha mota nayo huzalisha stima isiyo na pa kwenda. Taka lori la kitanda bapa, magurudumu yote juu, na kubalianeni bei kwa simu kabla halijaondoka Voi.